Dakika Saba za Bi Barka

Saa mbili kasorobo asubuhi Rufus Kamau aliifungua Ofisi ya Orodha mjini Lamu, akawasha jenereta, akaufagia mchanga wa jana. Ulikuwa mchanga wa kijiji cha Uvumbani, mbali huko kaskazini, na kila siku ya wiki ile alijaza karai moja akaumwaga nje.

Mashine ya ofisi ilikuwa kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi. Rufus akiitia kadi yenye jina la mtu na la kwao, mashine ilikitafuta kijiji hicho, kisha ikatoa kadi ya pili iliyochapwa, ya ukaazi. Zamani iliwahi kuzunguka na jina la mtu mmoja kutwa nzima, watu thelathini wakarudi kwao mikono mitupu. Ndipo makao makuu yakaleta kengele. Kila mtu apewe dakika saba. Kengele ikilia, tarishi Obeid ashushe swichi, anayefuata aingie. Tuseme kweli, hapo hapakuwa na ubaya.

Shida ilikuwa Bi Barka. Vita vya shifta vilipopamba moto yeye na wenziwe waliikimbia Uvumbani, na huku nyuma nyumba zote zikateketea. Sasa, mwaka wa sitini na nane, waliruhusiwa kurudi wenye kadi tu. Orodha ingefungwa Alhamisi saa sita mchana, na boti ya kuwarudisha watu ingeondoka Ijumaa. Bila kadi, Bi Barka hangeiona tena minazi yake, wala kiwanja chake, wala kaburi la mumewe Jaafar.

Mashine haikukiona kijiji kisicho na nyumba, lakini pia haikutaka kusema hakipo. Ikawa inakitafuta, na kadiri ilivyokitafuta ndivyo kilivyokuja. Jumatatu, kadi ya Bi Barka ilipotiwa, ulikuja moshi wa makumbi na sauti za kuku. Jumanne wakaja kuku wenyewe, na ukuta mmoja wa msikiti. Jumatano Uvumbani ilifika hadi kwenye meza ya Rufus. Kila mara kengele ililia, Obeid akashusha swichi, vyote vikaondoka ukabaki mchanga. Rufus alipeleka simu ya maandishi kuomba nusu saa. Jibu lilikuwa neno moja: saba.

Alhamisi Bi Barka aliingia wa kwanza, buibui lake limepigwa pasi. Nyuma yake walisimama watu ishirini na wawili wa Siyu wenye mashamba bara. Mashine ikaanza kunguruma. Dakika ya sita majirani zake wa Uvumbani wakapenya ukutani, wazima na wafu, wakaanza kumwamkua.

Kengele ikalia.

"Zima, Obeid," Rufus alisema.

"Waamkuana, Bwana Rufus."

"Nimesema zima!"

"Hata! Utamkataje mtu katikati ya salamu? Kwenu hufanya hivyo?"

Rufus akafikiri juu ya kwao, akamkumbuka nyanyake, akaona kweli hawafanyi. Obeid akavua kofia yake akaifunika kengele.

Na salamu za watu wale si za kubabaisha, ebo! Walikuja arubaini na sita, na kila mmoja alimuuliza Bi Barka afya yake, kikohozi chake, wanawe mmoja mmoja, binamu aliyeolewa Kizingitini, na mbuzi aliyevunjika mguu. Naye akauliza vivyo hivyo, pamoja na habari za kaburini kwa waliokuwa huko. Kufikia saa nne kijiji kilikuwa kimeujaza ua wa ofisi: msikiti, njia ya kati ya nyumba za makuti, kisima na wanawake wakiteka. Mashine ikaanza kuchapa. Ikatoa U. Baada ya robo saa ikatoa V.

Jaafar alifika wa mwisho, kwa kuwa hata katika uhai wake alikuwa mzito wa kutembea. Akasimama mlangoni.

"Barka, umekonda."

"Na wewe umekufa."

"Nyumba nimeiezeka upya. Waja lini?"

"Nangoja karatasi," akasema Bi Barka, na machozi yakamtoka. Alimpenda sana mtu yule.

Mashine ilikuwa imefika B. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini.

Bi Nana, mjane wa Siyu aliyebeba mtoto mwenye homa mgongoni, akaja hadi mezani. Alisema polepole, bila ugomvi. "Bwana karani, nasi tuna kwetu. Twasimama toka alfajiri."

Rufus aliwatazama watu ishirini na wawili, akamtazama Jaafar, akatamani angekuwa mgonjwa siku ile asije kazini. Kisha akainuka akaishusha swichi kwa mkono wake mwenyewe.

Kijiji kikaondoka. Kilibaki kisima peke yake, maana mwanamke mmoja alikuwa na ndoo chini na hakuiachilia kamba. Kadi ikatoka imeandikwa UVUMB, na chini yake: Muda umekwisha. Rufus akaimalizia kwa kalamu, A na N na I, akampa Bi Barka kwa mikono miwili na kumwambia, "Nisamehe, Mama." Halafu akawahudumia watu wa Siyu, dakika moja na nusu kila mmoja, akilia waziwazi huku akipanga kadi zao. Saa sita ilipogonga wote walikuwa wamekwisha pata.

Ijumaa pale gatini afisa alisema herufi za kalamu hazikubaliki. Boti ikaondoka.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi. Alikiona kisima uani, akayaonja maji, akayasifu, akaandika kwenye daftari lake: kisima, kimoja, mali ya ofisi. Kikajengewa ua wa waya na kibao: Maji kwa wenye kadi. Akawekwa askari, kijana wa bara aitwaye Douglas, mtu mpole.

Bi Barka alikwenda Jumamosi na ndoo yake.

"Kadi, Mama," Douglas alisema.

Akampa. Douglas akaisoma pande zote mbili, akamrudishia.

"Hii si kadi, Mama. Samahani."

"Ndiyo niliyopewa."

Toka chini kisimani watu wa Uvumbani walimsikia sauti wakaanza kumwamkua. Bi Barka akawajibu kwa sauti kuu, amesimama nje ya waya, mmoja baada ya mmoja hadi wa arubaini na sita. Jaafar akamuuliza tena atakuja lini. Douglas alingoja hadi alipomaliza. Kisha Bi Barka akachukua ndoo yake tupu, akaenda sokoni kununua maji.