Dole la Mama Kwenye Faili

...na huyu naye amekalia benchi la karakana kama karani wa mahakama, viatu vyeupe, amevileta Pangani hii ya Kibaha vichafuke kwa makusudi akirudi chuo aseme kafika kwa wananchi, Seif akamtazama Firdausi, mtoto wa mama yake mkubwa, akaitazama na fomu yake ya utafiti, sheria kasoma, sera ya elimu kasoma, sasa haki za raia, digrii zote hizo na hajui hata kushika grenda... "Saini hapo chini, kwamba umekubali kunisimulia ulivyofukuzwa," nani kafukuzwa, Kibaha nzima inajua Seif kaacha shule mwenyewe, kidato cha pili, hasara kwao, nusu ya mageti ya mtaa huu kayachomelea nani, "Msomi, mimi sikufukuzwa, niliwachoka," akacheka peke yake, mwenzake hakucheka, tangu utotoni Kisarawe yuko hivi, akishikiwa fimbo anauliza kwanza kosa, akachomoa karatasi nyingine, "Hii nimeikuta kwenye faili lako la shule," ukaisome na maprofesa wako, lakini jicho likashuka lenyewe, Mzazi amemwondoa mwanawe kwa hiari yake, na chini dole la wino, pana, limekatwa katikati na kovu la kisu cha mihogo... mama, katoka Kisarawe alfajiri na kitenge cha harusi, kusoma hajui, akaambiwa aweke dole mtoto asamehewe ule mgomo wa wanafunzi, akatoka ofisini anatabasamu, wamekusamehe baba, kawashukuru walimu, na Jumatatu mlinzi getini anasema jina lako halimo, rudi kwenu, utamwambiaje mama mwenye tabasamu lile, akamwambia shule imemchosha, mama akalia, mpaka leo akikorofishwa anasema walikusamehe ukaitupa mwenyewe, na yeye miaka tisa anajisifu nayo vijiweni, kumbe maneno yao, wameyaandika wao, yeye anawatangazia bure... laiti angemtimua huyu na viatu vyake, nani kamtuma kufukua, "Unasaini, husaini?" "Usinikimbize, hapa si chuoni kwenu," sauti ikatoka ndogo, akaichukia, "Mama ameiona hii?" "Bado. Ila ukisimulia, na yeye nitamuuliza," na kalamu aliyopewa ingali juu ya mstari, haijagusa, na lile niliacha mwenyewe likampanda kooni kama kawaida, tayari kutoka, akalishikilia hapohapo, maana akilisema sasa hajui atakuwa anamsitiri mama au anawasitiri wale walimu.