Aliambiwa Asiiname

Zamzam aligundua kwamba mguu wake umekufa ganzi pale mama mmoja muuza nyanya sokoni Machakos alipomuuliza, "Mama, na kiatu kingine kiko wapi?"

Akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa vumbi, na damu kidogo imeganda kisiginoni. Alikuwa ametembea hivyo tangu nyumbani, Majengo, akaupita msikiti, akavuka barabara ya lami, asihisi lolote. Akanunua nyanya zake, akarudi kwa njia ile ile, akakiokota kiatu mbele ya duka la simu.

Mgongo wenyewe ulikuwa ukimuuma kwa miaka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, mjane, na kwa miaka ishirini na mitatu ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike wa Kiislamu katika mji ule. Wakifiwa Masinga au Katangi, walimtumia gari. Hakuwa akilipwa, wala hakutaka. Lakini maiti ni mzito kuliko mtu hai, na kila aliyemwinua alimwachia kidogo cha uzito wake kiunoni. Alimeza vidonge vya maumivu, akajifunga leso kwa nguvu, akaendelea. Maumivu aliyazoea. Kutohisi kitu ndiko kulikompeleka hospitali.

Daktari Ndambuki alimwonyesha picha kwenye kompyuta, akigusa kwa ncha ya kalamu.

"Hii mfupa imeteleza, imekuja mbele ya hii ya chini. Sasa imekanyaga mshipa ya mguu. Tutaziunganisha mama, zishikane zikuwe kitu moja. Tunaweka vyuma na skrubu nne, halafu mfupa inamea hapo katikati."

"Na nikikataa?"

"Utaanza na mguu. Halafu kutafika mahali hata mkojo huwezi kuzuia."

"Basi nifanyie," Zamzam akasema.

Daktari alingoja maswali. Watu huwa na maswali mengi. Alipoona hakuna, akaandika tarehe, wiki sita mbele.

Katika wiki hizo sita alipimwa presha, akaongezewa damu kwa vidonge, akakatazwa zile dawa za maumivu alizozizoea. Alifundishwa upya kuamka kitandani: lala ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono, mgongo usipinde. Na mdogo wake Fatuma akafunga duka lake la sare za shule kule Katangi, akaja na godoro lake na kuku wawili waliofungwa miguu.

Fatuma alikuwa mtu wa maneno. Alianza kuongea akiwa bado barabarani na hakunyamaza. Akiongea, alihamisha sufuria, unga, sukari na taa, vyote vikawa kimo cha kiuno, ili dada yake asiiname wala asijinyooshe. Alimwita fundi Maundu akamtengenezea kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Akabishana naye kuhusu urefu wa miguu ya kiti mpaka Maundu akaomba maji ya kunywa.

Zamzam aliyatazama hayo kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikipakwa rangi. Siku moja akamwita Swabra, mshonaji wa pale Majengo ambaye kwa miaka minne alikuwa akimsaidia kuosha. Akampa sanduku lake: kafuri, glavu, pamba, na jora la kitambaa cheupe.

"Ni kwa muda tu, Bi Zamzam," Swabra akasema.

"Chukua."

Siku ya upasuaji alingoja hofu, haikuja. Alikumbuka taa, na mtu aliyemwambia ahesabu. Kisha ikawa alasiri, mdomo umekauka, na kitu kizito kimekaa mahali palipokuwa na mgongo wake. Muuguzi aliyeitwa Mueni alikuja na mwenzake kumgeuza.

"Mwaitu, usinisaidie," Mueni akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ukinisaidia utajipinda. Wewe kuwa tu kama gogo. Sisi ndio tutafanya."

Mkono mmoja begani, mwingine nyongani, mto katikati ya magoti, kichwa kisiachwe kuning'inia. Zamzam aliijua mikono ile. Ndivyo alivyomfundisha Swabra kushika. Aliliwaza hilo bila kutetemeka, kama mtu anavyowaza kwamba leo kuna mawingu.

Siku ya pili walimsimamisha. Alitembea hatua kumi na moja mpaka mlangoni, ameshika fremu ya chuma, amefungwa mkanda mgumu kuanzia chini ya matiti hadi kiunoni. Maumivu yalikuwapo, tena makubwa, lakini yalikuwa kama kelele za nyumba ya pili. Daktari alimkwaruza unyayo kwa ufunguo.

"Unasikia hii?"

"Hapana."

"Itarudi. Mshipa haina haraka. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Lakini sheria ni tatu, mama: usiiname, usijipinde, usibebe kitu kizito. Hata kitu ikianguka, wacha ilale hapo."

Siku ya sita wakamrudisha nyumbani, Fatuma ameketi mbele na dereva, akimwonya kila tuta kabla halijafika.

Wageni wakamiminika. Watu wa Majengo hawasahau aliyewaoshea mama zao. Walileta maziwa, ndizi, mayai ya kienyeji. Mama Umar, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, akamtazama Fatuma akimgeuza dada yake, akatikisa kichwa.

"Ndiyo dunia hiyo, Bi Zamzam. Mwosha huoshwa."

Fatuma akatua sinia kwa kishindo.

"Mama Umar, umekuja kumtazama mgonjwa au kumchukulia vipimo vya sanda?"

Wanawake wakacheka kwa kuficha midomo kwa mitandio. Mama Umar mwenyewe akacheka, akaomba radhi. Zamzam aliona kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha, na kwamba pia lilikuwa jambo la kuudhi. Hakucheka wala hakuudhika. Aliomba chai.

Wiki zikapita kwa utaratibu. Nyuzi zikatolewa. Kila asubuhi Fatuma alimwogesha, akamkausha, akamvisha soksi, akamfunga mkanda. Zamzam aliswali kwenye kiti, akiashiria sijda kwa kichwa, na baada ya salamu hakujua kama alikuwa ameswali au alikuwa amehesabu tu. Alitembea kwenda na kurudi hadi kona ya msikiti, kisha hadi barabarani. Na muda wote huo, Fatuma akiongea: bei, ndoa, nani kamkosea nani Katangi, mwanawe Ramzi anayefanya kazi kiwandani Mavoko na asiyeshika simu. Maneno yalimpita Zamzam kama maji juu ya jiwe. Mara kwa mara aliitikia "hee" ili yasisimame yakageuka swali.

Alipomwambia daktari kwamba hahisi kitu, daktari alidhani anazungumzia mguu. Alipomweleza vizuri, akaweka kalamu chini.

"Hiyo inapata watu wengine baada ya upasuaji. Mwili imechoka, dawa ni nyingi. Ikizidi usinyamaze, utuambie."

Zamzam akakubali. Hakujua ingezidi vipi, maana hapakuwa na kitu cha kuzidi.

Ikafika wiki ya tisa, siku ya Alhamisi. Zamzam alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake cha mgongo ulionyooka. Fatuma alikuwa jikoni akikoroga uji, akisimulia. Kisha kukasikika kikombe kikigonga sakafu, na simulizi ikakatika.

Ameangusha kikombe, Zamzam aliwaza. Halafu akawaza: Alhamdulillahi, amenyamaza.

Aliufurahia ukimya ule kwa muda asioujua. Harufu ya uji unaoungua ndiyo iliyomwinua. Akainuka kama alivyofundishwa: akasogea ukingoni mwa kiti, akanyoosha mgongo, akasukuma kwa miguu. Akaenda jikoni.

Fatuma alikuwa amelala ubavu kati ya jiko na mlango. Macho yalikuwa wazi, mdomo umevutwa upande mmoja. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikikwaruza saruji, polepole, kama anayetafuta sindano.

Zamzam alisimama juu yake. Aliambiwa asiiname, naye hakuinama. Alizima gesi kwanza. Kisha akatembea hadi mlangoni, si kwa haraka, kwa kuwa hakuruhusiwa haraka, akaita, "Mama Umar! Njoo, Fatuma ameanguka."

Mama Umar ndiye aliyepiga magoti. Ndiye aliyekiweka kichwa cha Fatuma mapajani na kumfuta mate kwa leso yake. Wakapata gari, lakini Fatuma alikata roho kabla hawajafika hospitali. Huko waliambiwa ni mshipa uliopasuka kichwani, na kwamba hata angeanguka mbele ya daktari mwenyewe, huenda asingepona. Zamzam aliambiwa hivyo mara nne siku hiyo, na watu wanne tofauti. Kila mara aliitikia kwa kichwa.

Maiti alioshwa alasiri hiyo hiyo, katika chumba kilicho nyuma ya msikiti. Swabra alimzuia mlangoni, macho yamemvimba.

"Bi Zamzam, wewe kaa hapa. Tutafanya sisi."

"Naingia. Nitamimina maji."

Akasimama upande wa kichwani na jagi. Swabra alikuwa akisitasita, ikamlazimu Zamzam kumwongoza kwa sauti.

"Sema bismillahi. Anza upande wa kulia. Usiondoe kitambaa, pitisha mkono chini yake. Sasa mgeuze, bega na nyonga. Polepole kichwani."

Meza ilikuwa ya juu, kwa hiyo nywele aliweza kuzisuka mwenyewe amesimama: mikia mitatu, ikalazwa nyuma. Nywele za Fatuma zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe karibu na masikio na alikuwa akizipaka hina, jambo ambalo Zamzam hakulijua. Vidole vilifanya kazi yao. Wanawake waliokuwamo walilia, wakamngojea naye alie. Hakulia. Baadaye wengine walisema ana subira, na wengine, wakidhani hawasikiki, walisema ana moyo wa jiwe. Yeye aliona pande zote mbili zinamsingizia.

Mwezi wa tatu tangu upasuaji ulipotimia, Ramzi aliomba ruhusa kazini akaja kumpeleka kliniki. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mrefu, mwenye sauti ya chini isiyofanana kabisa na ya mama yake. Daktari aliweka picha mpya mbele yao.

"Imeanza kushika vizuri. Ona hapa, hii ni mfupa mpya." Akamwangalia Zamzam. "Kuanzia leo unaweza kuinama kidogo. Kwa magoti, si kwa mgongo."

"Kuanzia leo," Zamzam akarudia.

"Na mguu?"

"Kidole gumba kinahisi. Vingine bado."

Waliporudi Majengo, Ramzi alichemsha chai, akamletea, akaketi mkabala naye. Alikizungusha kikombe chake mara kadhaa kabla ya kusema.

"Mama mkubwa, nimekuwa nikitaka kukuuliza. Asubuhi ile, mama alisema nini?"

Zamzam alilijua swali hilo. Kwa miaka ishirini na mitatu wafiwa walikuwa wakimuuliza habari za nyuso: alikuwa ametulia? Alikuwa kama anatabasamu? Naye aliwapa walichokihitaji. Angeweza kumwambia Ramzi kwamba mama yake alilitaja jina lake, au kwamba alitamka shahada.

"Alisema mengi," akajibu. "Sikuwa nikimsikiliza."

Ramzi aliutazama mlango wa jikoni.

"Na aliponyamaza, nilimshukuru Mungu. Niliketi hapa nilipoketi sasa, nikapumzika. Nilipomkuta chini, vidole vyake vilikuwa vinatembea bado. Sikumshika. Nilikuwa nimekatazwa kuinama, nami nikatii. Hata kwa magoti sikujaribu. Sijui kwa nini, Ramzi. Sikuhisi kitu. Mpaka leo sihisi, ila ninajua nilichofanya."

Nje, kuku mmoja wa Fatuma alikuwa akiparura mlangoni. Ramzi alikitua kikombe chake.

"Jumatano, siku moja kabla, alinipigia mara tatu," akasema. "Niliiangalia simu ikilia. Nilijua nikishika ni saa nzima."

"Ilikuwa saa nzima kweli."

"Ndiyo." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Lakini jaribu, Mama mkubwa. Hata kipande. Chochote."

Zamzam akafumba macho. Mwanzoni palikuwa na sauti tu, bila maneno, ile sauti ya juu inayopanda mwisho wa kila sentensi. Akangoja. Ilikuwa kazi, kama kazi ya kukitafuta kidole kisichohisi na kukiamuru kisogee.

"Kulikuwa na mwanamke," akasema. "Wa Katangi. Alinunua sare za watoto watatu, kisha akarudisha sweta moja, akidai imepauka. Mama yako akainusa, akajua imefuliwa kwa jiki."

"Mwanamke gani?"

"Ngoja." Akakunja uso. "Kanini. Yule wa karibu na kinu cha posho."

"Kanini hana watoto watatu. Labda dada yake."

"Fatuma alisema Kanini."

"Basi alikosea," Ramzi akasema. Akauvuta mkeka mpaka karibu na kiti cha mama yake mkubwa, akaketi chini, mgongo ukutani. "Halafu?"

Halafu kulikuwa na jambo la harusi, na mtu aliyekopa sufuria kubwa, na bei ya vifungo. Zamzam aliyatoa moja moja, mengine yakiwa hayana kichwa wala mkia, mengine hakuyapata kabisa. Chai ikapoa. Adhana ya magharibi ikaanza, na Ramzi akamwambia amalizie kwanza hilo la sufuria.