Bendera ya Nduaro

Mwanzoni mwa mwaka 1987 nilikuwa mpima samaki katika klabu moja ya uvuvi wa starehe, huko Watamu. Siku ya mashindano ya kimataifa, wageni wa nchi kumi na moja walisongamana gatini na kamera zao, nami nimesimama na mizani yangu kama hakimu.

Klabu ilikuwa na desturi yake: boti iliyonasa nduaro, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki, hurudi imepandisha bendera ya buluu, na bendera hiyo haishuki mpaka samaki apimwe na uzito usomwe. Bendera zote alizishona mke wangu, Kanze. Mwaka uliotangulia alisikia redioni kwamba wanariadha wetu wamesusia Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa sababu ya watu weusi wanaofungwa Afrika Kusini kwa kudai haki zao. Tangu hapo sikupata raha. Wakimbiaji wameacha medali, aliniuliza, wewe umeacha nini? Nikamjibu nimeacha sigara. Hakucheka.

Basi akashona herufi nyeupe juu ya bendera moja, akampa binamu yake, nahodha Dena. Mimi nilitakiwa kupima polepole tu, wageni wapate picha. Nilifurahi, maana kazi yangu niliipenda, na mdomo sikuhitaji kuufungua.

Dena akanasa. Uzito wa samaki yule siutaji. Nikiutaja mtaacha kuniamini, na bado nina mengi ya kuwaambia. Gati liliinama, na kivuli cha samaki kilipopita, kuku wa jirani yetu Mwambire waliingia bandani kulala.

Nikampima. Nikafuta mizani, nikampima tena. Nikadai mkia unagusa mbao. Katibu wa klabu, Maina, alitokwa jasho akiitazama bendera, lakini desturi ni desturi.

Ndipo mama mmoja wa Kizungu, mwandishi wa gazeti, akauliza maneno yale yanasemaje. Hapo nikaliona kosa letu. Kanze alikuwa ameandika WAACHILIENI WAFUNGWA WA AFRIKA KUSINI kwa Kiswahili safi, na wageni wote pale hawakuambulia kitu.

Maina akamjibu haraka kwamba ni salamu tu, karibuni Watamu. Yule mama akaanza kufunga daftari lake. Nikatazama uani, Kanze alikosimama na wapishi. Kiingereza hakijui, lakini uso wa Maina aliuelewa.

“Sivyo, mama,” nikasema, kwa Kiingereza nilichokiokota palepale gatini. “Inasema waachilieni wafungwa wa Afrika Kusini. Ameiandika mke wangu, yule pale.”

Kamera zikageuka. Kanze akajifunga leso vizuri, akasimama wima. Nikasoma uzito, bendera ikashuka, na kazi yangu ikashuka nayo.

Nyumbani aliniuliza yale maneno niliyasemaje kwa Kizungu. Nikamwambia. Akataka niyarudie, nikayarudia.

“Tena, Baba Kahonzi,” akasema. “Na pale pa ‘mke wangu’ usipapite mbio.”