Sajenti Sumari Hajambo

Barua iliyotoka bodi ya madaktari ilikuwa fupi: Sajenti mstaafu Sifaeli Sumari hana ulemavu wa kudumu unaostahili fidia. Mkewe Susana aliisoma mara mbili barazani kwao Nkoaranga, akaikunja, akamtazama mumewe aliyekuwa akishuka ngazi tatu za nyumba kinyumenyume, ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Baba Vaileth, hivi ulimwambia nini huyo daktari?"

"Alichoniuliza."

Susana akamkalisha, akamhoji neno kwa neno, na kila neno likamchoma. Daktari kijana alimwamkia kwa heshima: shikamoo mzee, unaendeleaje? Naye akajibu kama anavyojibu kila Jumapili nje ya kanisa: marahaba, mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu. Unatembea? Natembea. Unalima? Kahawa yangu naihudumia mwenyewe. Mgongo je? Haujambo, mwanangu, tunasukuma siku. Sasa daktari wa watu afanye nini? Akaandika alichosikia. Huku kwetu mlimani mtu hata akiwa anakata roho, ukimuuliza habari atajibu nzuri kwanza, mengine yatafuata. Ni adabu, na adabu hiyo ilikuwa inamnyima Sifaeli haki yake.

Ajali yenyewe haikuwa na ubishi. Gari la kikosi chake lilipinduka akiwa kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi. Wenzake wawili walikufa, yeye akatolewa na nyonga iliyovunjika. Yote yamo kwenye faili. Kilichobaki kuthibitishwa ni kwamba mpaka leo hajapona, na hicho ndicho asichotaka kukitamka. Aliwahi kumwambia mkewe mara moja tu: atalalamikaje, na wale wawili wako kaburini?

Walikata rufaa, wakaitwa tena mjini. Mlangoni karani akamwambia Susana asubiri nje.

"Mara ya kwanza nilisubiri nje," Susana akajibu, "na mmeona kilichotokea." Akaingia.

Safari hii daktari alikuwa mama wa makamo, Daktari Naipanoi. Akamuuliza Sifaeli hali yake.

"Mimi mzima, daktari."

"Si mzima," Susana akasema. Hakuthubutu kumtazama mumewe. "Hivyo viatu nimemfunga mimi. Kumwogesha, mimi. Kahawa anachuma amekaa chini, anajiburuta kutoka mche hadi mche, na akisikia mtu anapita njiani anajikongoja asimame, ameshikilia mgomba."

Miaka thelathini ya ndoa, hakuwahi kumvua mumewe nguo mbele za watu namna ile, na aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mzee," daktari akauliza taratibu, "anayosema mama ni kweli?"

Hapo ndipo Susana alipotambua mahali alipomweka mumewe. Akikataa, amemfanya mkewe mwongo. Akikubali, ndiyo basi tena, heshima yote aliyoilinda imekwisha.

"Mke wangu si mwongo," Sifaeli akasema. "Ila hajui yote. Mwezi wa saba nilianguka kule chini, kwenye mtaro wa maji. Nikalala pale tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, nikishindwa kuinuka. Nilimwambia nilikuwa kwa jirani yetu Yona, tunapiga soga. Nilimsikia ananiita. Aliita sana. Sikuitika, sikutaka anikute vile."

Susana aliikumbuka siku hiyo. Alimgombeza mpaka jioni kwa ajili ya chakula kilichopoa. Akajifunika uso kwa kitenge, akalia palepale mbele ya daktari, wala hakujali.

Daktari Naipanoi akasogeza kiti karibu, akachukua karatasi nyingine.

"Endelea, mzee," akasema, na mzee akaendelea.