Pua ya Hester

Mimi ni mshona matanga. Mtu akifia melini, ndiye mimi ninayemshona ndani ya turubai, na mshono wa mwisho naupitisha puani. Ndiyo desturi yetu. Aliye hai ataruka, aliyekufa atatulia.

Safari ile tulipeleka wafungwa wanawake tisini kutoka London hadi kisiwa cha Van Diemen. Hester Tranter, mwizi wa vitambaa, alishikwa na homa, na asubuhi moja daktari akasema amekufa. Daktari mwenyewe alikuwa ananuka pombe.

Keziah, dada yake Hester, mfungwa pia, akapiga magoti kando yangu.

"Fundi, usimtoboe pua. Gerezani walishamtesa vya kutosha."

"Ni desturi, mama."

"Desturi yenu wanaume. Dada yako ungemtoboa?"

Nikafunga uzi kidevuni, pua nikaiacha. Tukamtosa baharini na risasi mbili za mzinga miguuni.

Siku ya tatu upepo ulikatika. Adhuhuri, maji yametulia kama mafuta, tukasikia kitu kinagonga. Mara mbili, kimya, mara moja. Kiligonga kutoka nje ya meli, chini ya maji, kwenye ubao wa ubavuni alipokuwa akilala Hester.

"Anataka blanketi lake," akasema Peg Mulroy, kikongwe aliyelirithi. "Mwambieni sirudishi ng'o."

Wanawake wakacheka. Keziah hakucheka. Mbili na moja, ndivyo yeye na Hester walivyokuwa wakigongeana ukutani gerezani, kila mmoja ajue mwenzake yu hai.

Kesho yake adhuhuri kikagonga tena, na keshokutwa yake. Keziah akaacha kula. Siku ya sita asubuhi akaja kwangu akijishikilia kwenye kamba.

"Fundi, alikuwa amekufa?"

Nikaendelea kushona tanga.

"Niambie ulinidanganya. Niambie ulimtoboa."

"Nilimtoboa," nikasema. "Ulikuwa unalia, hukuona. Hakutikisika."

Akanitukana matusi ambayo hata mimi baharia sikuwahi kuyasikia. Kisha akaomba mkate.

Adhuhuri ile wanawake walilala wakisikiliza ubao wa Hester. Kimya. Keziah alifika mzima Hobart, bandari ya kisiwa kile, akashuka bila kuniaga.

Lakini adhuhuri ileile ubao wa Hester uliponyamaza, nilikuwa katika chumba cha matanga, natia uzi kwenye sindano. Kikagonga chini ya kiti changu. Mbili, kimya, moja.

Bahari niliiacha miaka tisa iliyopita. Naishi bara, maili arobaini kutoka maji ya chumvi, nyumba ya mawe. Adhuhuri huwa natoka nje, nisisikie sakafu.