Mwenye Ndoo Anaruka Mwenyewe

…kumbe si mimi ninayecheza, ndivyo anavyosema mpwa wangu, "mjomba, hayo ni maonyesho tu, gemu yenyewe hujaianza," na mimi muda wote nimeinama mbele, ulimi nje, vidole vinatwanga vitufe, najisifu kwa dada yangu, ona ninavyoruka lile shimo, dada, ona, kumbe Mwenye Ndoo, yule shujaa wa gemu, anajiendesha na mimi nimeshikilia plastiki, kama abiria wa kiti cha nyuma anayekanyaga breki, sawa, aibu nimeizoea, nimewahi kusalimia sanamu la duka la nguo ugenini nikasubiri liitikie, lakini ile hakuna aliyeiona, hii dada ameiona na hajacheka, hilo ndilo linaloniuma, zamani angecheka mpaka akalie sakafu, sasa anatazama tu, mkono wake wa kulia umelala juu ya mto kama kitu alichoachiwa na mgeni amtunzie, tangu kiharusi kipite mkono haumsikii, naye kaususia, mtaalamu wa mazoezi anasema vidole vitarudi vikipewa kazi, dada anasema vitarudi vikitaka, mpira wa kufinya ameutupa chini ya kitanda, na mimi mdogo wake, fundi umeme wa meli, mtu wa kutangatanga, nikajiona mjanja, nikasikia gemu letu la utotoni limetolewa upya, nikalibeba bandari kwa bandari kama yai, nikijua akimwona tu Mwenye Ndoo vidole vitamwasha… "sasa bonyeza hapa, mjomba," haya, nimeanza kweli, huyu hapa, lakini ndoo gani hii inayong'aa, yetu ilikuwa na kutu, vidoti vyekundu vichache tu, wetu macho hana, mdomo hana, na tulimpenda, huyu ana nyusi, ana kope, anaongea, jamani, anatoa hotuba mbele ya kila ukuta, na lile shimo… nimefika shimoni, moyo unadunda kama zamani, na anaruka mwenyewe, sijagusa kitu, "hili jipya linamsaidia mchezaji," anasema mpwa, asante sana, kama kutafuniwa nyama ukiwa na meno yako yote, maana letu halikumsaidia mtu, kitufe cha kuruka kilikufa mapema, chai ya baba ilikimwagikia, au mimi, fundi redio jirani akatoboa rimoti, akavuta waya, mwisho wa waya akafunga kitufe cha kengele ya mlango, kikubwa, cheupe, basi ikawa mimi nakimbiza, dada anarusha, mimi Miguu, ndivyo alivyoniita na ndivyo anavyoniita, melini wanadhani ni kwa sababu ya safari, kumbe ni kwa sababu ya sofa tuliyochezea, na alikuwa ananichelewesha kusudi, mpaka nifike ukingoni kabisa, nipige kelele, ruka, dada, ruka, ndipo anabonyeza, kwa dole gumba la mkono huohuo uliolala, tunatua ng'ambo kwenye ncha ya tofali, ananitazama, unaogopa nini na mimi nipo… na kweli dunia nzima nimeitembea hivyo, kwenye vyumba vya mitambo vyenye moshi, katikati ya lugha nisizozielewa, nikikimbia tu kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mtu mwenye kitufe, yeye ndiye aliyemwambia baba mwache aende, na baba akaacha, nashukuru, namshukuru fundi redio, naishukuru chai ya baba, nalishukuru hata gemu hili bovu, bila ubovu wake ningekufa nikidhani kilichokuwa kitamu ni Mwenye Ndoo… na yupo hapa, amekaa, amekunja uso, aukunje mpaka uchoke, mradi yupo, "mama, unalionaje?" anauliza mpwa, na dada, "hovyo," neno linatoka limepinda kidogo lakini linatoka, mpwa anasema msaada unaweza kuzimwa, aruke akibonyezwa tu, anauzima, nakimbia, nabonyeza, naanguka, nakimbia tena, naanguka tena, maisha yangu yote sijawahi kuruka, ndio nagundua leo na mvi zangu, basi tulizime, nasema, nimewaletea takataka, mbali kote huko, natafuta kitufe cha kuzimia na kuna kitu kizito juu ya kifundo cha mkono wangu, kinanuka dawa ya kuchua, ni mkono wake, wa kulia, ameuburuza kutoka kwenye mto, mpwa kaziba mdomo, dole gumba linapapasa, linakosa, linarudi, linapanda juu ya kitufe kama kobe na kukaa hapo, bila nguvu, Mwenye Ndoo amesimama ukingoni anasubiri, na kidole changu, kidole cha kiherehere, kinajisogeza chini ya chake nimbonyezee kidogo tu, nimsaidie…

"Miguu," anasema dada, "wewe kimbia. Kuruka si kazi yako."