Mstari wa Hamsini

Kila saa sita mchana mpimaji alitoka kwenye kibanda cha mabati, akasoma kipimajoto kilichoning'inia kwenye kivuli cha tangi la maji, akarudi kuandika alichokiona. Kanuni ilisema nyuzi zikifika hamsini, watu waache kuchimba. Kitabu alichopewa kilikuwa na mistari inayoishia arobaini na tisa. Ofisini walisema ni bahati mbaya ya mpiga chapa. Kaka yake, tumbo moja, alikuwa kwenye mtaro wa bomba na wenzake kumi na mmoja. Jumatatu alianguka puu, akamwagiwa maji, akarudishiwa sururu yake. Mpimaji aliogopa kwamba akianguka tena hatainuka.

Alhamisi Joto likabisha hodi. Liliinama kupita mlangoni, likaketi juu ya ndoo. Mpimaji aliliamkia shikamoo, maana lilikuwapo jangwani kabla ya mtu yeyote, nalo likaitikia marahaba. Lilikuja na lalamiko: wiki ya tatu sasa linafika hamsini na tatu, na kitabuni halimo.

Mpimaji alichukua rula, akaongeza mstari, akaandika hamsini na tatu. Msimamizi alipoingia na kikombe chake cha chai aliufuta, akasema fomu hairuhusu. Aliliomba Joto lisogeze miguu apite, akatoka.

Ndipo mpimaji alipotazama dirishani. Wachimbaji walikuwa wakivaa mashati. Joto likiwa kibandani, huko nje halikuwako. Basi akaanza kulichelewesha kwa maswali, na kusema kweli mengine alikuwa nayo tangu utotoni. Aliuliza mbona mchanga unamuunguza hata mjusi aliyezaliwa hapo hapo. Aliuliza umande huenda wapi. Jasho lilimtiririka mpaka kalamu ikawa inamteleza, lakini hakunyamaza. Mwisho aliuliza kama kuna mtu linayemchukia.

"Simjui mtu, mwanangu," lilisema Joto. "Mimi naona migongo tu. Anayewaita kwa majina ni huyo aliyepita na chai."

Saa tisa likainuka, likaaga, likasema kesho litapita tena. Mlangoni likasita.

"Mbona bado wamo mtaroni? Nilidhani umenikalisha ili wapumzike."

Mpimaji akachungulia. Msimamizi alikuwa ameona hali ya hewa imekuwa nzuri, akafuta mapumziko ya mchana na kuongeza mita arobaini za kuchimba. Kaka yake alikuwa hajaketi tangu asubuhi, na sururu aliinua kwa shida.

"Leo kulikuwa na ubaridi," alijibu.

Joto lilitikisa kichwa, likainama, likaenda kazini. Mpimaji aliipangusa ndoo vumbi kwa ajili ya kesho, akaandika arobaini na tisa. Dirishani alimwona kaka yake akivua shati.